Kiwanja Kinamsubiri Hyasinta

1 Juni 1981
Mwalimu wa elimu ya watu wazima alituambia kwamba asiyetaka mwandiko umkimbie aandike kila siku, hata mstari mmoja. Wenzangu walicheka wakaenda zao. Mimi nimenunua daftari. Darasani nilikuwa wa kwanza kusoma gazeti bila kufuata maneno kwa kidole. Hapa Karatu kila mtu analijua hilo, na asiyelijua nimemwambia.
Baridi kali leo. Ukungu kutoka msitu wa kreta ya Ngorongoro haukutuachia mpaka jua lilipopanda sana.

3 Juni
Ngano ya Patrisi imeshika rangi kuliko ya wote ukingo huu. Ni mwanangu, nisifiche. Ni dereva wa trekta kule mashamba makubwa ya Oldeani, na alipooa alijenga nyumba ya bati wakati rafiki zake bado wanakata nyasi za kuezekea. Trekta limekufa pampu tangu Pasaka, na vipuri vimekosekana nchi nzima, basi anashinda nyumbani na kwa wauza pombe. Kazi ikirudi atatulia.
Nyumba yake imebaki kuwekwa dari tu. Nimemuuliza mahindi utayaweka wapi, akasema mbao hazipatikani.

7 Juni
Jumapili. Nimerudi kutoka misa na Hyasinta, mke wa Patrisi, mjukuu wangu Toni akiwa mgongoni kwangu. Jina lake la ubatizo ni Antonia, lakini anaitika Toni tu, tena akipenda.
Nimeshaandika kwamba mkamwana kama Hyasinta hakuna? Basi hakuna. Katoka kwao upande wa Mbulu na sanduku moja na kicheko chake. Kicheko hicho huanzia puani kama cha mtu anayezuia chafya, halafu kinamshinda. Leo kimemshinda katikati ya mahubiri, kwa sababu Bartolomeo, jirani yetu, alisinzia akaitika "Amina" pasipo na Amina. Mimi nikaambukizwa. Tumetazamwa na kanisa zima.
Mkono wake pia. Mwaka jana alinisaidia kupaka kiwanja cha kupuria ngano. Sisi tunapaka udongo kwa samadi mbichi na majivu ili punje zisichanganyike na mchanga, na kila mwanamke anavuta vidole kwa namna yake. Mimi navuta nusu duara kubwa, moja juu ya nyingine. Hyasinta anavuta vidogo vidogo vilivyobanana, kama manyoya ya kifuani mwa kanga wa porini. Watu walikuja kutazama. Nikawaambia huyo nimemchagua mimi, ingawa aliyemchagua ni Patrisi.

12 Juni
Manyunyu. Sabuni hakuna dukani. Hakuna jipya.

16 Juni
Hyasinta hakuja kuchota maji, nikaenda kwake. Jicho moja limefumba, mdomo umepasuka. Nilimuuliza yeye, akajibu Patrisi: alikuwa anashusha mahindi darini, ngazi ikateleza. Nikamkanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia awe anaangalia anapokanyaga.
Toni alikuwa chini ya kitanda na alikataa kutoka, hata nilipomwahidi boga la kuchoma.

17 Juni
Hyasinta ameondoka na lori la asubuhi kwenda kwao, na Toni. Patrisi anasema ameenda kupumzika.

20 Juni
Mgongo wangu mwepesi. Naokota kuni, nainama, nainuka, hakuna anayenivuta kitambaa cha kichwa. Boga nimelichoma, nikala mwenyewe.

24 Juni
Jioni, mume wangu Josephati ameota moto, halafu akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.
"Mama Patrisi, nyumba ya mwanao ina dari?"
Nikaendelea kukoroga.
"Nauliza tu," akasema.
Nikamwambia mwanamume aliyekaa bila kazi ana moto kichwani, asimhukumu. Akasema Bartolomeo hajapata kuwa na kazi ya mshahara, na yeye Josephati trekta hata kulipanda hajalipanda. Ugali uliungua. Tumekula hivyo hivyo.

5 Julai
Leo nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.
Baada ya misa wanaume walikaa kwa Bartolomeo kupanga zamu za kupura. Hapa mtu hapuri peke yake. Wanaume wanasimama safu mbili zinazotazamana, fimbo za huku zikipanda za kule zinashuka, na leo wako kwako, kesho wako kwa mwenzako. Bartolomeo ndiye anayeongoza safu. Josephati aliporudi nikamuuliza Patrisi amepangwa baada ya nani.
"Hakupangwa."
Nikadhani wamesahau. Akasema hawakusahau. Wamekubaliana kwamba hawasimami na fimbo mbele ya mtu aliyempiga mkewe akasema ni ngazi. Atakayetaka kupura na wao aseme kwanza alichofanya, mbele yao, halafu aende akaseme kwa wakwe.
"Na wewe ulikaa tu unasikiliza? Wewe baba yake?"
"Sikusikiliza," akasema. "Ni mimi niliyesema. Angesema mwingine, ungekuwa ugomvi wa nyumba na nyumba."
Nimempa viazi vya jana, baridi.

6 Julai
Bado sisemi naye.

9 Julai
Nimesema naye kwa sababu ya ndama aliyetoroka. Baada ya hapo nikaona haina maana kurudi kunyamaza.

18 Julai
Tunakata ngano kwa mundu. Nikifunga miganda nageuka kumpa Hyasinta kamba, na nyuma yangu hayupo. Mwaka jana tulishindana, mimi na umri huu nikamshinda, akasema nimeiba miganda yake. Kweli, niliiba miwili.
Ngano ya Patrisi ameikata mwenyewe, ameifanya lundo zuri kubwa kando ya nyumba. Amekonda. Nilimuuliza atamfuata lini mkewe. "Akitaka kurudi anaijua njia," akasema. Mdomo huo nimeuzaa mimi, lakini maneno hayo sijui aliyatoa wapi.

27 Julai
Nguruwe pori wameingia kwenye lundo la Patrisi. Wamekula upande mmoja.

3 Agosti
Zamu zimeanza. Leo kwa Bartolomeo. Mlio wa safu mbili ukienda sawa unausikia tumboni kabla ya masikioni. Patrisi alikaa mlangoni kwake ng'ambo ya bonde, akisikiliza. Ngano yote hii imelimwa, imepaliliwa na Hyasinta, Toni akiwa mgongoni, halafu iliwe na nguruwe?
Nimepata wazo. Mtu asidhani kichwa changu ni cha kufungia kitambaa tu.

5 Agosti
Wazo lenyewe ni hili. Huku kwetu mwanamke wa nyumba akishapaka kiwanja na kupika pombe, wanaume hawapiti wakaacha kuingia. Ni kumtia aibu. Basi nimetia kimea cha mtama majini, na kwa Bartolomeo nimepeleka salamu kwamba Ijumaa kwa Patrisi kiwanja kitakuwa tayari. Sikusema kinapakwa na nani.

6 Agosti
Nimepaka kiwanja cha Patrisi peke yangu tangu asubuhi. Samadi ilikuwa nzito, maji ya mbali. Nilijaribu kuvuta vidole vidogo vidogo kama vyake. Mkono ulikataa, ukarudi kwenye nusu duara zangu. Mkono wa mtu mzima haufundishiki. Kiuno kinaniuma lakini kiwanja kinang'aa.

7 Agosti
Walikuja. Niliwaona wakishuka bondeni na fimbo mabegani, Bartolomeo mbele, Josephati nyuma kabisa, na moyo wangu ukafanya kiburi. Patrisi alisimama karibu na lundo amevaa shati safi. Pombe ilikuwa imeiva vizuri, wanaijua pombe yangu, hakuna ya mwingine inayoikaribia.
Bartolomeo alifika ukingoni mwa kiwanja asikanyage. Akainama. Akatazama muda mrefu, kama mtu anayesoma.
"Shemeji," akaniita, "mkono huu naujua. Nimepura juu yake tangu sijaota ndevu."
Nikamwambia samadi ni samadi.
"Mwenye nyumba hii anavuta vidogo vidogo. Huyo ndiye anayetuita hapa, na hayupo." Akageuka kwa Patrisi. "Umemtuma mama yako akupakie?"
Patrisi akasema hakumtuma mtu. Hilo lilikuwa kweli.
"Basi mwambie apumzike. Kazi yako haimo kwenye ndoo yake."
Wakaniaga mmoja mmoja kwa heshima, hata vijana, pole na kazi mama, wakapandisha bonde. Hakuna aliyeonja pombe. Ningetukanwa ningejua la kujibu. Kwa kuagwa vizuri hivyo nikajikuta nasema asanteni.
Josephati alibaki. Nikangoja aseme nimemwaibisha. Akachukua ndoo yangu ya samadi, akainyanyua, akasema imekuwa nzito mno kwangu, akaibeba mpaka nyumbani.

8 Agosti
Pombe nimewamwagia ng'ombe. Wameifurahia.

10 Agosti
Patrisi anapura peke yake. Fimbo moja. Tap. Halafu kimya, kwa sababu anayepaswa kujibu hayupo. Halafu tap. Sauti inafika mpaka jikoni kwangu na siwezi kuizuia kwa mlango.

12 Agosti
Sironka, yule mfugaji anayeshuka kutoka Ngorongoro na ng'ombe zake kula mabua baada ya mavuno, amepita kutusalimu. Akauliza ni nani yule anayefukuza tembo kwa fimbo moja. Nikamwambia ni mwanangu, anapura ngano.
"Peke yake? Amewafanya nini wenzake?"
Nilikuwa tayari kusema trekta, pampu, vipuri. Nikafungua mdomo yakatoka mengine.
"Alimpiga mkewe," nikasema.
Sironka akatema mate pembeni, akasema kwao rika la mtu ndilo linalomkalisha chini kwa jambo kama hilo, na rika huwa halina huruma. Akanywa maziwa akaenda.
Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka. Nilikuwa naliona kama jambo lililoko Mbulu. Kumbe lilikuwa hapa, kwenye kiti changu, tangu siku ile nilipomwambia Hyasinta aangalie anapokanyaga. Aliangalia mahali gani, jamani, nyumba haina dari wala ngazi.

13 Agosti
Nimemwota Toni akilia chini ya kitanda. Nikaamka nikatazama chini ya kitanda.

16 Agosti
Jumapili. Patrisi hakuja misani, alikuja baadaye, akasimama nje ya boma. Baba yake alikuwa anachonga mpini. Mimi nilikuwa nachambua maharage, nikayachambua yaliyokwisha kuchambuliwa ili nisiondoke.
"Baba," akasema, "nimechoka."
"Kupura?"
"Kusikiliza fimbo yangu."
Josephati akaendelea kuchonga.
"Nilimpiga," Patrisi akasema. "Alinificha pesa ya kilabu. Si mara ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa kabla ya Krismasi."
Kabla ya Krismasi. Krismasi tulikaa sote hapa, Hyasinta akacheka kuku alipokimbia na kichwa nusu. Alikuwa anacheka na mbavu gani?
Josephati akaweka panga chini. Nilidhani atamfokea, na sehemu yangu moja ilitaka amfokee na nyingine ilitaka nimwekee mwanangu chakula. Hakufoka.
"Ulipooa hukuulizwa," akamwambia.
Hapo ndipo nikalisikia, mimi niliyeishi naye miaka yote. Kijana akishaoa, mavuno ya kwanza wanamweka kwenye safu, akabiliane na mzee. Wakiwa katikati ya kazi, fimbo ziko juu, mzee anazisimamisha na kumuuliza mbele ya wote: hii inashuka wapi? Kijana anatakiwa ajibu kwamba inashuka kwenye ngano, na haishuki mahali pengine, na siku ikishuka pengine hawa waliosimama hapa waje mlangoni kwake. Nao wanaitikia kwamba watakuja. Wanawake hatukai karibu wakati huo, kwa hiyo tunaona wamesimama kidogo tu, tunadhani wanapumzika.
Mwaka aliooa Patrisi hakuingia kwenye safu. Alileta mashine ya shamba ikavuna ngano yetu kabla ya jua kuzama. Nilitembea Karatu nzima nikisema mwanangu hapuri kwa fimbo.
"Tulikuonea fahari tukakuacha," Josephati akasema. "Hilo ni letu wanaume. La mkono wako ni lako."
"Watanicheka."
"Hawatakucheka. Itakuwa vibaya kuliko hapo, watakusikiliza."

19 Agosti
Leo zamu ilikuwa kwetu. Kiwanja nimekipaka mimi, nusu duara zangu halali. Clemensi, kaka yake Hyasinta, alifika kutoka Mbulu kwa lori. Josephati alimwita. Kijana mrefu, mwenye adabu, amefunga uso. Nikamuuliza habari za Toni, akasema anakula. Basi.
Katikati ya kazi Josephati akainua mkono, fimbo zikasimama juu. Sisi wanawake tukaanza kuondoka kama kawaida.
"Mama Patrisi, kaeni," akasema. "Linalowahusu limesemwa bila nyinyi siku nyingi mno."
Akamweka Patrisi mbele yake, baba na mwana wakitazamana. Akamuuliza.
Patrisi alisema. Alisema kwa jina, Hyasinta, hakusema mke wangu. Alisema jicho, mdomo, na mbavu za kabla ya Krismasi. Alisema hakuna ngazi. Sauti ilimkatika, hakuna aliyemsaidia kuiokota. Halafu akajibu fimbo inashuka wapi, na wanaume wote wakaitikia kwamba siku ikishuka pengine watakuja, na Bartolomeo akaongeza kwamba atakuja hata usingizini, bila kusema Amina. Hata Clemensi alitaka kutabasamu, akajizuia.
Kisha Clemensi akasema lake. "Nimesikia, na nitampelekea kama nilivyosikia. Kurudi au kutorudi ni lake. Sisi kwetu hatumsukumi."
"Wala sisi hatumvuti," Josephati akasema.
Mimi nilitaka kumvuta. Nilitaka kumwambia Clemensi, mwambie nimemkumbuka mpaka nazungumza na ndoo. Nikampa boga ampelekee Toni.

21 Agosti
Wanaume wamemwambia Patrisi watakuja kwake, lakini kiwanja apake mwenyewe. Nusu duara zangu amezikwangua zote kwa jembe. Nimeziona zikienda.

24 Agosti
Mwanamume kupiga magoti kwenye samadi! Akina mama wamepanga mstari ng'ambo ya bonde kama wanatazama mpira. Majivu aliweka mengi, kikapasuka. Akaanza upya. Mara mbili nilishika ndoo niende, mara mbili nikairudisha chini. Nimeandika hapa mambo mengi niliyoweza. Kukaa kitako siku nzima ni gumu kuliko yote.

26 Agosti
Wamepura kwa Patrisi. Kiwanja kibaya sijawahi kuona, kina mabonde, vidole vimekwenda kila upande kama kuku walipigana. Bartolomeo alikikagua, akasema kimepakwa na mwenye kosa, kiko sawa. Ngano iliyobaki baada ya nguruwe imepatikana. Fimbo zilijibiana mpaka jioni.

2 Septemba
Patrisi alikwenda Mbulu na baba yake. Wamerudi leo. Hyasinta aliwapa maji ya kunywa, akasikiliza, akasema amesikia. Toni alijificha nyuma ya mama yake, hakutoka.

6 Septemba
Trekta limepata pampu. Patrisi amerudi Oldeani kazini. Mshahara wa kwanza anataka kununua mbao za dari. Baba yake amemwambia aache kwanza, awe analala akitazama mahali dari ilipotakiwa kuwa.

13 Septemba
Jumapili. Nimetoka misani peke yangu, nimevua viatu, ndipo nikasikia lori.
Alikuja na Clemensi, Toni mkononi. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi. Nikamshika tu. Jicho limepona. Kovu dogo limebaki mdomoni, na nililitazama, sikugeuza uso.
"Nilikuambia uangalie unapokanyaga," nikamwambia.
"Uliniambia, mama."
"Nisamehe."
Akasema twende kwanza akaone hicho kiwanja, kwa maana habari zake zimefika mpaka Mbulu.
Patrisi alikuwepo, siku ya mapumziko. Alimsalimia kutoka mbali, akabaki alipokuwa. Hyasinta akasimama ukingoni. Akatazama yale mabonde, zile nyufa, vile vidole vya kuku. Nikasikia pumzi inashikwa puani. Nikajua. Ikamshinda. Alicheka mpaka akajishika magoti, mimi nikacheka nikilia, na Patrisi akainamisha kichwa, akaacha achekwe.
"Mama," akasema alipopata pumzi, "sijarudi. Nimekuja kuona."
Nilikuwa na jibu mdomoni kuhusu shamba, nyumba ya bati, na watu watasemaje. Nikalimeza.
"Ona, mwanangu," nikasema.
Toni alinizunguka mara kadhaa kama ananinusa. Halafu akapanda mgongoni mwenyewe, akavuta kitambaa cha kichwa, akalala papo hapo.
Wameondoka na lori la alasiri. Hakusema atakuja tena lini, nami sikumuuliza.
Vuli ikianza kiwanja kile kitamomonyoka chote. Kiwanja cha samadi hakidumu, kila mwaka lazima kipakwe upya na mwenyewe, apende asipende. Nimemwambia Patrisi mwaka ujao asinitazame.
Jua limeshazama na sijavua kanga niliyombebea. Mgongo bado una joto pale alipolala.